Mwanga Unaopita Sola

Msimu wa mauzo, Sola wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, ni pamba tupu. Imejaa nyuani na kwenye mikokoteni ya ng'ombe, na mabaki yake yamenasa kwenye miiba kando ya njia. Alasiri ile, mbele ya ghala la ushirika, mama mmoja alikuwa amekwisha kupimiwa. Stakabadhi mkono mmoja, simu mkono mwingine.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimu mama yule kwa Kisukuma. Akaitika huku macho yako kwenye simu, akisubiri ujumbe wa malipo.

“Subiri kidogo, mayu,” karani akamtuliza, “leo netiweki nzito.”

Kuna sehemu ya safari ya ujumbe kama ule ambayo haina uzito wowote. Ukishatoka mnarani na kuingia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, hugeuzwa kuwa mwanga: leza inayopita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Foleni iko kwenye minara na mitambo. Huko mwanga hugeuzwa tena kuwa umeme, maana kompyuta zetu hukokotoa kwa elektroni, nazo zikikimbizwa mno chipu huchemka. Ndiyo sababu kwa takriban miaka 20 kasi ya prosesa za kawaida imebaki gigahezi chache tu.

Kwa nini basi mwanga wenyewe usifanye hesabu? Swali hili linanisisimua kuliko habari nyingine yoyote ya sayansi. Dalili za jibu zipo. Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipata Nobel ya Fizikia ya 2023 kwa mipigo ya mwanga ya atosekunde. Atosekunde moja ni sehemu ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Mwaka 2025 kundi la Mohammed Hassan, Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, likaonyesha transista ya grafini inayoendeshwa kwa mipigo ya leza, kwa kasi inayofikia petahezi: zaidi ya mara laki moja ya prosesa iliyo mezani kwako. Bado ni kifaa cha maabara.

“Imeingia,” mama yule akasema, akakunja stakabadhi na kuifunga kwenye ncha ya kanga.

Watoto wake watafundishwa mwanga darasani, kwenye somo la fizikia. Wazazi, walimu na halmashauri, tusiwaachie michoro ya ubaoni peke yake. Tuwanunulie lenzi, prizimu na leza ndogo, waushike wenyewe.