Kalipa nyekundu

Pedali ya breki ya gari zima huwa ina ubishi. Unaikanyaga, nayo inakukazia mguuni. Siku ile, kwenye mteremko wa kwenda Mtongani, ya kwetu ilizama taratibu mpaka chini kama nimekanyaga godoro, na mbele yangu zebra ilikuwa imejaa watoto wa shule ya msingi.

Ngoja kwanza niwaambie habari ya gari. Ni Altezza ya kaka yangu. Wanaojua ndinga wataelewa nikisema RS200, gia za mkono, injini ya 3S-GE ambayo Toyota waliishughulikia pamoja na Yamaha, nguvu ya farasi 210. Toyota walianza kuziuza mwaka 1998 na wakaacha 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote inakaribiana umri na wewe uliyeripoti chuo juzi. Ya kwetu imeshapita mikono mingi. Kaka aliinunua baada ya kudunduliza miaka mitatu, na kitaani kwetu Mbagala ikiwaka tu kila mtu anajua nani anatoka.

Hoja ya kaka ilikuwa kwamba gari lenye mbio vile linataka breki kubwa. Hapo hakukosea. Mafundi wa Toyota wana njia yao ya mkato inayojulikana: unatafuta kalipa za Celsior, ile ambayo nje ya Japani inaitwa Lexus LS400, za mwishoni mwa miaka ya tisini. Zina pistoni 4 kila moja, unazifunga na diski kubwa zaidi, mradi rimu isiguse. Tulizipata za mtumba Ilala. Hela ilipungua laki mbili. Bumu lilikuwa limeingia wiki ile, nikatoa mimi, kwa sharti moja: zipakwe rangi nyekundu.

Ndiyo, mimi ndiye niliyetaka nyekundu. Siku zote watu wakicheka hadithi hii humcheka kaka, nami huwa nanyamaza.

Zilifungwa kijiweni kwa siku moja. Jamani, zilipendeza! Nyekundu ile nyuma ya rimu nyeusi, washkaji wakawa wanachuchumaa kupiga picha. Hakuna aliyeuliza habari ya mafuta ya breki, mimi nikiwemo, na mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati pale Chang'ombe.

Jumatano moja, saa tisa alasiri, kaka akaniachia usukani toka Rangi Tatu. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeupe kidogo, nikaanza kujionyesha: nakanyaga mafuta, nashika breki, nakanyaga tena. Kulikuwa na harufu ya kitu kuungua, nikadhani ni watu wanachoma takataka. Sheria inasema 50 kwa saa sehemu kama ile. Mimi nilikuwa nimeshapita 70.

Watoto wakaanza kuvuka. Nikakanyaga, pedali ikazama. Nikapampu mara mbili, mara tatu, ikarudi kidogo. Kaka hakusema neno, alivuta hendibreki kwa mikono miwili. Gari likayumba, likasimama magurudumu ya mbele yakiwa juu ya mistari ya zebra. Watoto walishatawanyika, isipokuwa binti mmoja wa darasa la pili au la tatu hivi, begi kubwa kuliko mgongo. Alibaki palepale anatutazama. Halafu akapiga boneti kofi moja, paa, kama unavyompiga mbuzi aliyekuzibia njia, akaenda zake.

Tulisukuma gari pembeni. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi.

Fundi aliyetusaidia ni mzee mmoja wa Temeke, jirani yake mama mdogo. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akavua tairi.

"Nani kafunga hizi?"

Kaka akamtajia kijiwe.

"Kapaka rangi vizuri."

Hakusema vingine kwa muda mrefu. Alichokuta ni hiki. Pistoni moja ya kalipa ya kushoto ilikuwa na kutu, inatoka ila hairudi, kwa hiyo pedi ilikuwa inasugua diski njia nzima. Ile harufu ndiyo hiyo. Joto likaingia kwenye mafuta ya breki, na mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na Dar unyevu haujawahi kuadimika. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika. Mguu wako unabinya mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Akaendelea: "Halafu masta silinda mmeacha ileile. Hii ya mbele sasa inakunywa mafuta mengi kuliko mwanzo, pedali lazima iende mbali." Pascal huyo. Nilimfanyia mtihani, nikapata A. Nikatazama viatu vyangu.

Mwisho akagonga tairi kwa spana. "Na hizi?" Pembeni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zilisoma 1913. Mpira mgumu kama kwato. Ungefunga breki za ndege, tairi zile zingeteleza tu.

Nyumbani nilipiga hesabu nyuma ya daftari. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye 80 kwa saa lina nishati ya jouli kama 345,000. Hiyo inatosha kuchemsha lita nzima ya maji ya chai, na wewe unataka breki ziimeze kwa sekunde chache. Likiwa 40 ni robo yake tu. Nilizirudia hesabu zile mara kadhaa, nadhani kwa sababu sikutaka kumfikiria yule binti.

Mzee alirudisha kalipa za zamani. Hakuzidharau zile kubwa: alisema kwa mtu anayeshuka Kitonga kwa kasi kila wiki, diski nene inabeba joto zaidi, ila zifungwe na sili mpya na masta inayolingana. Sisi alitutaka tununue tairi nne, mipira mipya ya breki, pedi halisi, mafuta ya DOT 4, kisha upepo utolewe gurudumu kwa gurudumu. Kaka akabisha. Hela yote ile na hakuna hata kimoja kinachoonekana! Waligombana, yeye na mama, siku mbili. Mimi nikakatisha chakula cha kantini mwezi ule, nikala mihogo, nikachangia tairi moja.

Sasa Altezza inasimama kuliko nilivyowahi kuisikia. Kalipa nyekundu zipo kwenye mfuko wa saruji chini ya kitanda cha kaka, zinasubiri masta.

Wakati wa TP nilipangiwa sekondari moja ya kata upande wa Chamazi. Mada ya kidato cha kwanza ikawa mgandamizo. Nikaenda na sirinji mbili, kubwa na ndogo, na mpira wa dripu, nikajaza maji. Wakasukuma wenyewe, wakaona ndogo inavyolazimika kwenda mbali ili kubwa isogee kidogo. Nikaacha kiputo cha hewa ndani kwa makusudi. Kijana wa dawati la nyuma akasukuma, sirinji ya pili haikusogea.

"Mwalimu, sasa hii ikitokea kwenye gari?"

Nikamwambia pedali inazama mpaka chini.

"Wewe imeshakutokea?"

Darasa likacheka. Nikasema ndiyo, mara moja, tukavuta hendibreki likasimama. Wakataka kujua ni wapi. Nikawaambia Mtongani, nikageuka kufuta ubao.