Baba Mdogo Katika Theluji



Mnanijua kama kapita anayesoma kwa sauti, kila Jumatatu asubuhi, majina ya wale ambao hawajalipa minervali. Mwezi wa pili nilisoma orodha ile mpaka jina la 23, nikakuta ni langu. Nikalisoma. Wengine walicheka, sikuwakataza.

Hasira yote niliituma Canada. Kule yuko baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Anaendesha kamio ya mizigo kutoka Toronto mpaka Winnipeg, kilometa zaidi ya 2,000. Nikamwandikia kwa telefone: "Baba mdogo, umeshiba, umetusahau." Siku mbili hakujibu. Nikasema, si nilijua!

Siku ya tatu akatuma sauti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mutoto yangu, niko Wawa. Polisi wamefunga njia juu ya theluji. Huko nyuma telefone haikushika."

Wawa ni mji mdogo karibu na ziwa Superior. Upepo ukipita juu ya ziwa lile unabeba unyevu na kuumwaga pwani kama theluji, mpaka shofere haoni mwisho wa gari lake mwenyewe. Njia ni moja tu, nyembamba, magari yanapishana. Ikifungwa, makamio yanapangana kandokando na kungoja.

Na shofere kama yeye analipwa kwa kilometa. Gari likisimama, na mshahara unasimama. Hapo ndipo nilianza kuelewa minervali yangu ilikuwa wapi.

Nilimwuliza mengi, naye akajibu yote, maana hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mazutu, alisema, ina kitu kama nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda na kuziba chujio, moteri inazimika. Kwa hiyo wanatumia mazutu ya wakati wa baridi. Freni za kamio zinatumia hewa. Maji kidogo yakibaki katika mirija yanaganda, na freni hazifanyi kazi sawasawa. Njiani wanamwaga chumvi ili kuyeyusha barafu, lakini baridi ikipita digri 15 chini ya sufuri, chumvi inachoka, wanamwaga mchanga. Barafu mbaya kuliko zote ni ile isiyoonekana: unaona lami imelowana tu, kumbe ni kioo.

Siku ile alibeba nyanya. Mashine ambayo wakati wa joto inapoza mzigo, sasa ilikuwa inaupasha moto, nyanya zisigande. Nilicheka kidogo. Kwetu nyanya zinaoza katika matope, kwake zinageuka mawe.

Matope tunayajua sisi. Kamio inalala njiani, watu wanachimba kwa majembe, wamama wa kijiji wanaleta mihogo ya kuchoma. Lakini kule huwezi kukaa nje ukichimba. Digri 35 chini ya sufuri, vidole vinakufa upesi. Unabaki ndani, peke yako.

Alinieleza pia habari ya Nipigon, mbele zaidi kwenye njia ileile. Pale barabara zote za Canada za kutoka mashariki kwenda magharibi zinapita juu ya daraja moja. Tarehe 10 Januari 2016, daraja jipya, ambalo sehemu yake ya kwanza ilikuwa imefunguliwa mwezi wa 11 mwaka 2015, lilivunjika bolti wakati wa baridi, na upande mmoja ukainuka juu karibu sentimita 60. Inchi kubwa namna ile ikakatika vipande viwili! Mwenye kutaka kuvuka kwa gari ilimpasa kuzunguka Marekani. Kesho yake wakafungua upande mmoja tu. Mimi nilidhani madaraja ya kukatika ni ya kwetu peke yetu.

Mwisho wa sauti aliuliza: "Na wewe, wamekufukuza darasani?" Nilimjibu hapana. Haikuwa kweli, nilikuwa nimekaa chini ya mwembe na wenzangu wa orodha.

Minervali ilifika nyuma ya wiki mbili. Jumatatu iliyofuata orodha ilikuwa na majina 19. Niliomba kwa Bwana Prefe nisiisome tena kwa sauti, bali nimpe kila mmoja karatasi yake mkononi, naye aandike sababu ya kuchelewa. Bwana Prefe alisema atafikiri.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita