Kisumu kwa gari: Panga siku mbili, nyingine ziache

Saa kumi na moja alfajiri, Nyakato jijini Mwanza bado kuna giza. Baba wa watoto watatu anazunguka gari akimulika tairi kwa tochi ya simu, kisha anafungua buti kwa mara ya tatu. Mama ameshika bahasha ya kaki yenye karatasi zote za safari. Watoto wako kiti cha nyuma, tayari wanagombania mto mmoja. Wanakwenda Kisumu, Kenya, siku sita, kwa gari lao wenyewe.

Safari hii ina sababu yake. Mtoto wa kwanza, binti wa miaka 13, anaingia kidato cha kwanza shule ya bweni mwezi Januari. Kuanzia hapo nyumba itakuwa inamhesabu kwa likizo. Wazazi walitaka watoto wote watatu wakae kiti kimoja cha nyuma walau mara moja zaidi kabla tranka la shule halijafungwa.

Lakini walikuwa na woga. Safari yao iliyopita, ya Arusha, baba aliandika ratiba ya kila saa. Siku ya pili mtoto wa mwisho akapata homa, ratiba ikavunjika, na siku zilizobaki zikaisha kwa kulaumiana. Safari hii mama aliomba jambo moja tu: zipangwe siku mbili, ya kuvuka mpaka kwenda na ya kuvuka kurudi. Siku zilizo katikati ziachwe wazi.

Baba alikubali shingo upande. Alipoanza kuandaa karatasi, akaona kwamba siku hizo mbili peke yake zina kazi ya kutosha.

Bahasha ya kaki

Mtanzania anayeingia Kenya hahitaji viza, lakini anahitaji hati. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, ulioanza mwaka 2014, ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Idara ya Uhamiaji. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake ni vyema abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya yule anayebaki, ili asije akaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu.

Gari nalo lina hati zake: kadi halisi ya gari, leseni ya dereva, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, kwa sababu bima ya kawaida ya nyumbani huishia mpakani. Kama gari ni la shemeji au bado lina mkopo, inahitajika barua ya mwenye gari, na iliyothibitishwa na wakili ni salama zaidi.

Kilichowachelewesha hawa wa Nyakato ni kitu kidogo kuliko vyote, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wanne walikuwa nayo, mtoto wa mwisho, mwenye miaka minne, hakuwa nayo. Tanzania huidai kadi hiyo kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo, kwa hiyo tatizo lingewakuta wakati wa kurudi nyumbani. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo hakuna njia ya mkato ya asubuhi ya safari. Mtoto alichanjwa, na safari ikasogezwa wiki mbili mbele. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote.

Kufika Tarime, si kufika Kisumu

Mwanza hadi Sirari ni takriban kilomita 300, na kutoka hapo hadi Kisumu ni kama 200 nyingine. Dereva mmoja mwenye haraka anaweza kujaribu kuzimaliza kwa siku moja. Mwenye watoto watatu anafika mpakani jioni, amechoka, watoto wanalia, na mbele yake kuna barabara asiyoijua, gizani. Familia hii ililala Tarime.

Kwa kuwa walikuwa na siku nzima ya kufika Tarime, barabara nayo ikawa sehemu ya likizo. Walipita Kisesa na Magu, wakala chai Lamadi, wakapita karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti watoto wakiwa wamebandika nyuso kwenye vioo. Daraja la Kirumi walisimama kuutazama Mto Mara. Mvulana wa miaka 10 alielezwa kwamba maji yale yametoka milima ya Mau huko Kenya, yakapita Maasai Mara na Serengeti, na sasa yanakwenda kumwagikia Ziwa Victoria. Akataka kujua kama maji nayo yana pasipoti.

Asubuhi ya pili walijaza tangi na saa mbili walikuwa Sirari. Kituo ni cha huduma za pamoja, yaani maofisa wa nchi zote mbili hukaa upande mmoja, na msafiri hugonga muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Baada ya uhamiaji ni forodha, ambako gari hupewa kibali cha muda cha kuwa ndani ya Kenya. Hapa mwenye siku zisizopangwa anapaswa kuwa makini. Ukidhani utakaa siku nne, omba zaidi kidogo. Kibali kikiisha gari likiwa bado Kisumu, uhuru wa ratiba unageuka kuwa kosa la forodha.

Mpaka huu haukuwa rahisi hivi siku zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mabibi na mababu wengi wa Mara na Mwanza wanaikumbuka miaka hiyo, ndugu wako ng'ambo ya kijito na hawaonekani. Foleni ya nusu saa na watoto wenye njaa ni nafuu kubwa.

Kushoto au kulia

Kenya magari hupita kushoto kama nyumbani, na saa ni ileile. Tofauti ni wingi wa matatu zinazosimama ghafla na matuta yasiyo na alama. Baba aliendesha taratibu kila palipokuwa na nyumba.

Baada ya Migori walifika Rongo, ambako barabara inawapa wasafiri uchaguzi. Unaweza kuendelea Kisii na kushuka Kisumu kupitia Oyugis na Ahero, au kukata kushoto kwenda Homa Bay na Kendu Bay, ukilifuata ziwa. Ratiba haikusema lolote. Mama aliuliza nyuma, watoto wakachagua ziwa. Walikula mchana Homa Bay wakitazama maji yaleyale wanayoyaona kutoka Capri Point, ila jua liko upande mwingine.

Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya ziwa hili, wakati Tanzania ina karibu nusu. Lakini Kisumu, mji uliozaliwa na reli iliyofika hapo mwaka 1901, unaliishi ziwa kama Mwanza inavyoliishi. Jioni hiyo ufukweni Dunga, watoto walikuta samaki wa nyumbani wamebadilishwa majina. Sato anaitwa ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Mvulana aliagiza mbuta kwa sauti kubwa, kama mgeni aliyekwishakuwa mwenyeji.

Homa ileile

Jumapili ndiyo siku ambayo soko la Kibuye hufurika, na mama alikuwa ameingojea. Alfajiri hiyo mtoto wa mwisho akaamka na homa.

Wazazi walitazamana. Ilikuwa ni Arusha inarudi.

Lakini safari hii hakukuwa na ratiba ya kuvunjika. Walimpeleka mtoto kituo cha afya cha jirani, akapimwa malaria, hakuwa nayo. Walilipa taslimu kutoka bahasha ya dharura, maana kadi ya NHIF haifanyi kazi ng'ambo ya mpaka. Mzazi yeyote anayevuka aiweke fedha hiyo kando kabla ya kuhesabu ya ununuzi, na asiiguse. Kisha wakagawana: baba akabaki na mgonjwa, uji na katuni, mama akaenda Kibuye na wakubwa wawili. Jumatatu, mtoto akiwa amepoa, wote watano walikwenda Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana kando ya barabara ya Bondo. Jina hilo kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Watoto wa Mwanza, waliozaliwa kati ya mawe, walitoa uamuzi kwamba haya yanafaa.

Kununua bila kujuta

Kibuye ni soko la kumpoteza mtu: mitumba, viatu, samani, vyombo, mboga, vyote kwa wakati mmoja. Mama aliingia na kanuni tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya kichwa. Shilingi ya Kenya huwa kama shilingi 20 za Tanzania, hupanda na kushuka kidogo, kwa hiyo alizidisha kila bei kwa 20 kabla ya kufungua pochi. Viatu vya 1,500 vinasikika rahisi hadi ukumbuke kwamba ni kama 30,000. Na muuzaji akisema "soo mbili" anamaanisha 200, akisema "thao" ni 1,000, ile ambayo Mwanza huitwa buku.

Ya pili ni kulinganisha. Kabla ya safari alipiga picha bei za Makoroboi, za mashuka, ndoo na sandali. Mengi ya Kibuye yalikuwa sawa na ya nyumbani au ghali zaidi, akayaacha. Vitu vya umeme hakuvigusa, kwa sababu kikiharibika huwezi kuvuka mpaka kila mara kudai waranti.

Ya tatu ni kununua kisichopatikana nyumbani. Vikapu vilivyosukwa kwa magugumaji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa ziwa zima, vilimpendeza, akachukua viwili. Kila kitu kikaingia kwenye mifuko ya kitambaa waliyotoka nayo Mwanza, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu mwaka 2019. Risiti aliziweka zote. Forodha haina shida na mizigo ya familia, lakini robota la nguo au viatu dazeni mbili hilo ni biashara, na litaulizwa kama biashara.

Watoto wakubwa kila mmoja alipewa shilingi 1,000 za Kenya na ruhusa ya kukosea. Mvulana alimaliza zake kwa saa moja, mpira na miwani ya jua. Dada yake alirudi na zote.

Kusimama Kisii

Jumanne ilikuwa siku ya pili iliyopangwa, ya kuvuka kurudi. Walitoka Kisumu mapema, wakapita mashamba ya mpunga ya Ahero, wakapanda milima ya Kisii. Baba alikuwa na hesabu zake, saa nane wawe Sirari, jioni walale Musoma, kesho wapite Butiama kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere kabla ya kufika nyumbani.

Mjini Kisii binti akaomba wasimame. Kando ya barabara zilipangwa sanamu za mawe laini yanayochimbwa Tabaka, mawe ya waridi na meupe yanayochongwa kwa mkono hadi yakawa vyano, visanduku na wanyama. Baba alitazama saa. Arusha asingesimama. Akaegesha.

Binti alichagua kwa dakika arobaini. Aliokota, akarudisha, akauliza bei, akaondoka, akarudi. Mwisho alinunua viboko wawili wadogo wanaofanana, akawafunga kwenye soksi zake ili wasivunjike njiani. Mama alimuuliza kwa nini wawili. Mmoja, alijibu, ni wa kwenda shule ndani ya tranka. Wa pili atakaa juu ya runinga, ili wasisahau kwamba wako watatu.

Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu kwa muda. Walifika Sirari saa tisa na nusu badala ya saa nane, wakiwa na kadi tano za njano na siku mbili bado kwenye kibali cha gari. Musoma waliingia jua linazama. Mtoto wa mwisho alikuwa amelala mapajani mwa dada yake, na mto uliogombaniwa tangu Nyakato ulikuwa umeanguka chini ya kiti, hauna mwenyewe.