Nimejenga stendi ya ampu kwa mti ambao Garissa nzima inauchukia

Nianze na aibu yangu, ndio muelewe kwa nini mtu wa gitaa leo anawaandikia mambo ya useremala.

Disemba tulipiga kwa harusi moja hapa Garissa. Kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba za watu, turubai, viti vya plastiki, watoto kama nzige. Tulikuwa na ampu mbili. Ya besi iko na kilo 31, niliipima baadaye kwa mizani ya duka la nafaka. Ya gitaa iko na kilo 14. Tukafanya kile bendi ndogo hufanya: tukaunganisha viti viwili, tukaweka ya besi juu yake, na ya gitaa juu ya besi. Nikarudi nyuma hatua tatu nikapiga picha. Maze, ilikaa kama steji ya ukweli.

Hizo ni kilo 45 juu ya miguu minane ya plastiki, na mchanga ulikuwa umemwagiwa maji kuzuia vumbi. Wimbo wa tatu, mguu mmoja ukaanza kuzama. Sikuuona. Nilichosikia ni kebo ikivutwa kutoka kwa gitaa langu, halafu mshindo. Ampu ya gitaa ilitua kwa kona, pale pale ambapo sekunde chache kabla kulikuwa na katoto ka miaka kama sita, kamekaa kanajipepea na kipande cha katoni. Kalikuwa kameinuka kufuata ndala yake ambayo mwenzake ameirusha. Ni hiyo ndala tu iliyokaokoa.

Mama yake hakunipigia kelele. Alimshika mkono, akaniangalia, akaondoka naye. Heri angenitukana.

Na kuna la pili. Ile ampu ya besi si yangu. Ni ya abti, kaka yake hooyo, mtu wa kizazi cha kaseti za Dur-Dur na Iftin kutoka Mogadishu ya miaka ya 80. Alipiga besi ujanani, akaacha, siku hizi ni mtu wa duka na msikiti. Ampu aliiweka stoo miaka mingi, imefunikwa shuka, na siku aliponipa aliniambia tu niitunze. Sasa kona yake moja imepasuka. Nikaifunika na tepu nyeusi na nikakaa wiki tatu bila kumwambia. Kila Ijumaa nikimsalimia nilikuwa naangalia viatu vyake.

Basi nikatafuta stendi. Luthuli pale Nairobi ziko, za chuma, za kukunja, 4,500 bila pesa ya kutuma kwa basi. Lakini zile hubeba ampu moja. Nikamuuliza muuzaji kwa simu, ya kubeba mbili je? Akaniambia, "Si uweke moja juu ya nyingine." Nikakata simu.

Niseme hapa kitu ambacho wengine hawatapenda. Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tuna ugonjwa wa kudhani kitu ambacho hakijashuka kwa basi la Nairobi si kitu. Kilomita 370 tunasubiri parsel ya mbao nne na skrubu nane, na jirani yako ni fundi amekaa chini ya mti anakunywa chai ya maziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo mpaka mfuko ukakataa.

Nilienda kwa fundi wa weldingi karibu na Suuq Mugdi. Akanipigia hesabu ya skwea tyubu, 6,000. Bei si mbaya kwa kazi yake, ila sina. Na chuma tupu kina tabia ya kulia besi ikipigwa, noti fulani ikifika unasikia kitu kinanung'unika pembeni. Nikitoka hapo nikadungwa na mwiba wa mathenge, ukapita soli ya sandali mpaka nyama. Nikakaa kwa jiwe nikiutoa, natukana ule mti, halafu nikautazama vizuri.

Kama unasoma ukiwa Kakamega au Nyeri pengine hujui mathenge. Kwa vitabu unaitwa Prosopis juliflora, kwao ni Amerika. Uliletwa Kenya kuzuia jangwa, na miaka ya 80 ulipandwa pale Bura, kwa majirani zetu wa Tana River, kwenye ule mradi wa umwagiliaji. Haukuombwa kuenea lakini ulienea. Mbuzi hula maganda yake matamu, meno yanaoza. Kule Baringo watu waliishtaki serikali, mpaka mbuzi aliyeisha meno akapelekwa kortini kama ushahidi. Mwaka wa 2008 serikali yenyewe ikautangaza kuwa gugu hatari. Hapa kwetu unafunga njia za mifugo, unatoboa magurudumu ya bodaboda. Sifa yake moja ambayo watu hukubali ni makaa.

Lakini ubao wake ni kitu kingine. Ni mgumu, mzito, na ukikauka haujikunji ovyo kama mbao laini tunazoletewa na malori. Shida yake ni kwamba hauna urefu, unaota ukipinda kama nyoka, kupata kipande kilichonyooka cha mita mbili ni bahati. Sasa fikiria: kwa stendi ya ampu, kipande kirefu kabisa nilichohitaji ni sentimita 80. Jirani alikuwa anafyeka ua lake, nikaomba vigogo. Alinishukuru yeye.

Kupasua nilimlipa jamaa wa pawa so mia tano. Kukausha nilingoja wiki tano juu ya paa la jiko, na huku jua si kitu cha kutafuta. Msumeno, patasi na randa niliazima kwa fundi seremala, kwa masharti kwamba nikivunja nanunua. Nilivunja keekee mbili. Mathenge haukubali kutobolewa kwa haraka, unatoboa kidogo, unatoa, unapoza, unarudi. Hilo nilijifunza kwa keekee ya pili.

Kazi yenyewe iko hivi. Miguu minne, na kati yake fremu mbili, ya chini sentimita 12 kutoka ardhini ili maji na mchanga visifikie ampu, ya juu kwa sentimita 78. Ampu ya besi inakaa chini kwa sababu mbili: ndiyo nzito, na besi hupenda kuwa karibu na ardhi, ardhi inaisaidia. Ya gitaa inapanda juu kwa sababu spika ya inchi 12 hutupa ile sauti kali moja kwa moja kama tochi. Ukiiweka chini inapigia magoti yako. Wewe unaona haina ukali, unaongeza, unaongeza, na yule mzee aliyekaa mita sita mbele ndiye anaumia masikio. Kwa hiyo fremu ya juu niliilaza kidogo nyuma, iangalie uso wangu.

Kitu ambacho ningeomba mtu yeyote anayejenga azingatie, hata kama hatafuata vingine vyote: uzito usibebwe na skrubu. Nilichonga pengo kwa kila mguu, ule mti wa fremu ukaingia ndani na kukalia mbao. Bolti ipo tu kuuzuia usitoke. Bolti ikilegea, na italegea kwa sababu besi inatetemesha kila kitu, ampu bado imekalia mbao. Nyuma na ubavuni nikaweka miti ya mshazari, kwa sababu mstatili peke yake huyumba na pembetatu haiyumbi. Mgongo nikauacha wazi, maana ampu hupumua kutoka nyuma, na mchana wa Garissa hata mtu hapumui. Juu ya fremu na chini ya miguu nikapigilia vipande vya akala kuukuu za hooyo, zile za tairi. Hazitelezi hata ukimwaga chai.

Nikapiga hesabu pia, msicheke. Vyote vikipakiwa, kitovu cha uzito kinakaa kama sentimita 55 kutoka chini. Kina cha msingi ni sentimita 55, nusu yake 27 na kitu. Maana yake lazima uilaze zaidi ya digrii 25 ndipo ianguke. Niliisukuma kwa bega, haikujali. Nikajisikia injinia.

Hapo ndipo nikaenda kumwita abti. Sikuwa na njia nyingine. Nilitaka akija kuona kona iliyopasuka aone na stendi pamoja.

Alikuja baada ya alasiri na kofia yake, akaangalia tepu nyeusi kabla hajaangalia kitu kingine chochote. Nikamwambia yote, hata katoto, hata ndala. Alinyamaza muda mrefu. Sikuulizwa chochote kuhusu ampu. Aliuliza, "Mtoto ni wa nani?" Nikamwambia simjui. Akasema, "Utamjua."

Kisha akazunguka stendi. Nikamweleza digrii zangu 25, nikamwambia abti, sukuma. Hakusukuma. Akaniuliza, "Harusi ikiisha, mnashusha ipi kwanza?"

Nikamjibu ya besi, kwa sababu ni nzito na inaingia Probox kwanza, ile ndogo inapakiwa juu yake.

Akaniambia shusha. Nikashusha. Ikabaki ya gitaa peke yake kule juu. Abti akaweka mguu mmoja kwa mti wa mbele wa fremu ya chini, akashika ule wa juu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kupanda lori, akajivuta. Stendi yangu yote ikamfuata. Niliidaka ikiwa inakaribia kifua chake.

"Watoto hawasukumi," akasema. "Wanapanda."

Mimi nilikuwa nimejenga kitu cha kuzuia ile ajali ya Disemba, viti na mchanga. Hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini ilikuwa ya stendi iliyojaa, na imesimama peke yake. Hakuna harusi ambapo kitu chochote husimama peke yake. Toa kilo 31 za chini na kilichobaki ni fremu ya kilo 12 na ampu ya kilo 14 juu kabisa, na ule mti wa mbele ambao niliuona kama mapambo ni ngazi.

Nilikasirika, nikiri. Nilikuwa na malengelenge manne na keekee mbili za kulipa. Lakini tuliibomoa upande wa mbele jioni hiyo hiyo, yeye akinimulikia kwa simu. Miguu ya mbele tukaiongezea vipande vinavyotokeza mbele sentimita 15, vimelala chini. Ule mti wa chini wa mbele tukaurudisha ndani, nyuma ya uso wa ampu, na mbele tukafunika kwa ubao uliosimama, laini, hauna pa kukanyaga. Mkanda wa lori ukapita juu ya ampu ya gitaa mpaka kwa fremu ya chini. Na sheria ya bendi, nimeiandika kwa chaki kwenye ubao wenyewe: ya besi inaingia kwanza, inatoka mwisho. Mpiga kinanda wetu amelalamika kuhusu Probox. Atazoea.

Abti akajaribu tena, na mara hii mguu wake haukupata mahali. Akaishika juu, akavuta, ikagoma. Akapangusa mikono akaomba kebo. Nilidhani anataka kupiga. Alitaka tu kusikia kama spika yake bado ni nzima. Aligusa noti moja kwa kidole gumba, ile nyembamba ya juu, halafu ile nene, akasikiliza mpaka ikaisha kabisa. Akasema koni iko sawa, ile kona nimpelekee fundi wa makochi.

Gharama yote: mia tano ya pawa so, bolti na washa 640, keekee 500, mkanda wa lori 350. Jumla 1,990. Vanishi bado sijapaka.

Jumamosi tuna harusi Bulla Iftin. Nimeuliza uliza, yule mama anaishi huko, na ni jamaa wa bibi harusi. Abti amesema atakuja mapema, kabla ya muziki, tuende kwake pamoja tukabishe hodi. Nimenunua ndala jozi moja, saizi nimekisia.