Gorogoro ya Mawimbi

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hudhani kwamba vipimo ni kazi ya wenzetu wa uhandisi, na kwamba letu ni neno tu. Maisha ya Kawangware, karibu na kituo cha 56, yamenifunza kuwa mambo hayo mawili hayatengani.

Binamu yangu, anayesomea uhandisi, alihitaji antena ya kupimia mawimbi ya redio. Antena ya kawaida hukatwa kwa kipimo cha masafa fulani. Yeye aliitaka ile inayopokea masafa mengi. Zinazouzwa pamoja na cheti cha maabara zilikuwa ghali mno kwake. Kwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, akaamua kujiundia.

Alichagua muundo wa Armig Kandoian, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1945. Juu pana sahani na chini yake koni, mithili ya paa la msonge lililobeba sinia. Mteremko wa koni huwa robo ya urefu wa wimbi la masafa ya chini kabisa. Katika megahezi 88 wimbi lina mita 3.4, hivyo robo yake ni sentimita 85. Upana wa sahani ni asilimia 70 ya kipimo hicho, yaani sentimita 60. Badala ya bati zima tulitumia fito za alumini, nane za sahani na nane za koni, kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Uzi wa katikati wa kebo tuliufunga kwenye sahani na wavu wake wa nje kwenye koni, kwa skrubu, maana alumini haikubali lehemu kwa urahisi. Antena ya aina hii hufaa hadi takriban mara 10 ya masafa yake ya chini.

Kipokezi kilikuwa kile kidogo cha televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambacho tangu mwaka 2012 wapenzi wa redio wamekitumia kusikiliza masafa mengi. Tulianza na 99.9, masafa ambayo Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho zimeyatumia katika jiji hilohilo moja. Juu ya paa mawimbi yalikuwa na nguvu. Ndani ya chumba cha mabati yalififia. Tulifurahi.

Hapo ndipo mama jirani alipotuuliza, akionyesha mnara wa simu ulio nyuma ya ploti: "Wanangu, chombo hicho kitatuambia kama mnara ule unatudhuru?"

Binamu alianza kueleza kwa Kiingereza. Nikamwomba aniachie.

"Mama," nikasema, "ukipimiwa mahindi kwa gorogoro ileile leo na kesho, utajua siku uliyopewa zaidi, hata kama imebonyea. Lakini ukitaka kujua ni kilo ngapi, sharti kwanza gorogoro yenyewe ipelekwe kwenye mizani. Antena hii haijapelekwa."

Isitoshe, minara ya simu hutumia pia masafa ya 1800 na 2100, ambayo antena yetu haikukusudiwa kuyapokea. Miongozo ya kimataifa ya ICNIRP huweka mpaka wa wati 4.5 kwa kila mita mraba kwa umma katika masafa ya 900. Nambari kama hiyo haijibiwi kwa "zaidi" au "pungufu". Kumwambia mama yule kwamba yu salama, au kwamba yu hatarini, kungekuwa uongo.

Alitafakari kidogo, kisha akauliza: "Basi mizani iko kwa nani?"

Msomaji mwenzangu, swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Anayenunua antena ya maabara hanunui chuma. Ananunua mizani iliyokwisha kuthibitishwa. Mafundi wetu wanaweza kuunda chuma hicho, na kwa kulinganisha mahali na mahali kinatosha kabisa. Mizani, hata hivyo, ni ya taasisi, nazo zina wajibu wa kupima na kueleza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Ripoti ya vipimo ambayo mama wa Kawangware hawezi kuisoma ni sawa na gorogoro iliyofichwa chini ya meza. Kuitoa hadharani si kazi ya wahandisi peke yao. Ni yetu pia, sisi tulioyachagua maneno.