Uvungu wa Sakafu Yetu

Majira ya baridi ya mwaka 2015 yalitukuta tungali wageni katika nyumba yetu wenyewe. Tulikuwa tumeinunua wakati wa kiangazi, mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Ni nyumba ya matofali mekundu, imeungana na za majirani kushoto na kulia, nayo ilijengwa katika miaka ya 1890. Novemba ilipofika ndipo tulipoelewa kwa nini bei yake haikuwa kubwa. Sisi ni watu wa Njombe, baridi ya Juni na Julai tumekua nayo, lakini hii ilitoka chini na kutupanda miguuni kama maji. Mtoto wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Mama gani atamweka mwanawe juu ya sakafu ya namna hiyo? Alishinda mgongoni tukipika, mgongoni tukifua.

Sakafu za nyumbani tulizozizoea ni za saruji iliyolala juu ya ardhi. Hii ni ya mbao zilizopigiliwa juu ya maboriti, na chini ya maboriti kuna uvungu mtupu, halafu udongo. Hilo hatukulijua. Usiku mmoja wa upepo mkali tuliona zulia la sebuleni likiinuka lenyewe, kana kwamba kuna mtu chini yake. Watoto walipiga kelele. Asubuhi tulizunguka nje tukayaona matofali yenye matundu karibu na ardhi, mawili mbele na mawili nyuma. Tukaweka kiganja: upepo unaingia. Adui amepatikana! Tuliyashindilia magazeti na matambara, kisha tukapaka saruji juu yake. Usiku ule zulia lilitulia, nasi tukapongezana kwa kikombe cha chai.

Akina mama wenzetu, hapo ndipo tulipokosea.

Mwaka uliofuata harufu ilianza, kama ya gunia la viazi lililosahauliwa kwenye kona. Tulipiga deki, tukafungua madirisha, tukamshuku panya asiye na hatia. Mtoto akawa na kikohozi kisichoisha. Mwaka 2017 bibi yao alikuja kututembelea kutoka Njombe. Siku ya tatu alikuwa amesimama dirishani, mara sakafu ikabonyea chini ya mguu wake. Hakuanguka, tunashukuru. Aliinama, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Wanangu, upepo unapita wapi chini ya hapa?"

"Mama, tuliuziba. Ulikuwa unatuletea baridi."

Akatutazama kwa huruma. "Kihenge hukiinua juu ya miti ili upepo upite chini. Ninyi mmekifunga miguu, sasa mnauliza mahindi yananukia nini."

Seremala aliyekuja baadaye alisema yaleyale, ila kwa maneno marefu na malipo. Udongo wa chini hautulii, hutoa unyevu mchana na usiku. Upepo unaoingia kwa matundu ya mbele na kutokea ya nyuma ndio unaouchukua. Ukiuzuia, unyevu huingia kwenye mbao, na mbao ikishapita asilimia 20 za maji kuvu hupata makazi. Alikuwa na kipimo kidogo chenye sindano mbili. Alipokichoma kwenye boriti kilisoma 28. Ncha za maboriti zilizoingia ukutani zilikuwa laini kama mkate. Tuliogopa sana ule mwozo mbaya, wa kuvu aitwaye Serpula lacrymans, awezaye kupenya hata kwenye kuta kutafuta mbao nyingine. Jina lake la pili ni la Kilatini, lina maana ya kutoa machozi, kwa kuwa hutoa matone. Hakuwa yeye, ulikuwa mwozo wa kawaida. Machozi yalikuwa yetu, maana fedha za kubadilisha maboriti matatu zilikuwa nauli ya familia nzima kwenda Njombe Desemba ile. Babu yao alikuwa hajamwona mjukuu wake wa mwisho. Tulilaumiana siku nyingi: nani alishika mwiko wa saruji, nani alileta magazeti. Kumpigia simu mzee kumwambia hatuji ilikuwa kazi ngumu kuliko ya seremala.

Kwa kuwa mbao zilikuwa zimeshang'olewa, tuliamua kuimaliza baridi hapohapo. Fundi mmoja alitaka kunyunyizia povu linaloganda chini ya mbao. Tulikataa, kwani povu huficha mbao usione zinavyoendelea, na unyevu ukinaswa ndani umerudi ulikotoka. Tulichagua pamba inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Mbao za sakafu tuliziandika namba kwa chaki. Wavu ulitandazwa ukining'inia kati ya boriti na boriti, pamba ikalazwa juu yake, imebana pande zote bila kushindiliwa. Juu yake ikaja karatasi ya kuzuia mvuke, kingo zake zikibandikwa ukutani ili upepo usipenye, kisha mbao zikarudi mahali pake. Mabomba ya maji yalivishwa, kwa sababu uvungu sasa ni wa baridi zaidi kuliko zamani. Nyaya za umeme hazikuzikwa ndani ya pamba, zisije zikapata joto kupita kiasi.

Chini ya pamba tuliacha nafasi, si pungufu ya milimita 150 hadi kwenye udongo, na matundu yote manne yakazibuliwa. Ya mbele yalikuwa pia yamefukiwa nusu na bustani yetu ya maua, maua yakahamishwa. Mwenye jiko au moto wa gesi chumbani asizibe nyufa kabla fundi wa gesi aliyesajiliwa hajaangalia, kwani moto huo huenda unategemea hewa ya nyufa hizohizo.

Kikohozi kilipungua. Daktari hakusema kilitokana na sakafu, nasi hatusemi. Tulifika Njombe mwaka 2019. Macho ya babu yalikuwa yameshapungua nguvu, hivyo mjukuu alimtambua kwa kumpapasa kichwa.

Kila Oktoba, majani yanapodondoka, tunazunguka nyumba na kurunzi na kijiti kuondoa uchafu kwenye matundu. Mtoto ndiye mshika kurunzi. Huchungulia ndani, akapuliza, kisha hukimbilia upande wa pili kuona kama pumzi yake imefika.