Wageni Wasiopiga Hodi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hawakutuambia tumpe nini mgeni mwenye mbawa, anayeingia bila hodi, akala chakula cha wenzake kisha akaondoka na kifaranga mdomoni.

Hapa kwetu Junda, uani mwangu pana mwarobaini. Tawini nimetundika kifuu cha nazi chenye maji, na kando yake kipande cha papai bivu. Wageni rasmi ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na shore, na mnana wa manjano. Kule Marekani watu hutundika chupa za maji ya sukari kwa ajili ya ndege wadogo wavumao kama nyuki, nao hulalamika kuwa usiku dubu huja wakazivunja. Sisi hatuna dubu, alhamdulillahi. Ila wa kutuchosha hatukuwakosa.

Usiku huja komba na macho yake kama taa. Huyo ndiye tunayemsingizia walevi wote, kwa sababu hupenda kunywa tembo la watu kwenye vibuyu vya wagema. Kwangu hula papai akaenda zake, nami simdai kitu. Mwenye kesi ni kunguru.

Simsemi kunguru wetu wa asili, yule mwenye kizibao cheupe kifuani. Nasema huyu mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji. Kazi aliyopewa akaifanya, kisha akajiongezea nyingine: kula mayai na makinda ya ndege wengine. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshatia guu Mombasa, na tangu hapo hakugeuka nyuma.

Mwaka jana kuku wa mavyaa wangu aliangua vifaranga 11. Kwa mama huyu, kuku si pambo la ua. Pesa za kuku ndizo zinazomnunulia dawa zake za presha, asingoje kuomba mtu. Kwa wiki moja kunguru walichukua saba. Wanakuja wawili: mmoja anamchokoza mama kuku kwa mbele, mwenziwe anapita nyuma na kunyakua.

"Mwanangu," akaniambia, "hicho kifuu chako ndicho kinachowaita."

Sikubishana naye. Nilikishusha kifuu siku nane nzima. Chozi walipotea, mnana wakahama, lakini kunguru walifika kila alfajiri kama wafanyakazi wa bandarini. Hapo nikawafuata kwa macho nione wanatua wapi kwanza. Walitua nyuma ya nyumba zetu, penye matumbo ya samaki, makoko ya ugali na mifuko ya taka tunayoitupa sisi wenyewe, kila nyumba kwa zamu yake. Hapo ndipo penye karamu. Uani kwangu walikuwa wakija kutafuta kitoweo tu.

Siku ya tisa mavyaa alinunua sumu ya panya, akataka kuitia kwenye vipande vya nyama. Nikamshika mkono. "Mama, nakuomba. Kunguru ni mjanja, atamwacha mwenzake aonje kwanza. Atakayekula ni paka, au kuku hawa wanne waliobaki, au mjukuu wako anayeokota kila kitu." Alininyamazia siku mbili. Nyumba yenye mavyaa aliyenuna, msomaji, huijui mpaka uishi ndani yake.

Tusidanganyane, kuwapunguza kunahitajika. Mwezi Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule, kwani walikuwa wamewachosha wakulima, wafugaji wa kuku na wenye hoteli za pwani. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wenye sumu maalumu. Si kazi ya mtu mmoja na kijipakiti cha dukani.

Tulichofanya sisi ni hiki. Tulichimba shimo, na matumbo ya samaki sasa hufukiwa siku ile ile. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wafanye vivyo hivyo; wanne walikubali, wawili walinicheka. Fundi wa makuti alitufumia tenga kubwa, na vifaranga hushinda humo na mama yao mpaka waote mbawa za kukimbilia. Viota vilivyokuwa kwenye mwembe vijana waliviangusha kabla ya mayai.

Kunguru hawajaisha, wala sitarajii waishe. Bado huja, wakakaa juu ya bati wakitutukana. Lakini katika mtamio uliofuata, kuku yule aliangua tisa na wote tisa wakakua. Mavyaa aliuza watano, akanunua dawa zake, na masalio akanipa mkononi bila neno. Kesho yake nilimkuta amesimama chini ya mwarobaini, akimimina maji kwenye kifuu.

Wewe unayelia na kunguru leo, kabla ya kutafuta sumu, zunguka kwanza nyuma ya nyumba yako uone umewaandalia nini.